Tarikhi ya Mkono na Mpini katika Ufuko wa Tanganyika

Waandishi wa tarikhi ya Ziwa Tanganyika wamejaza kurasa nyingi kwa habari za mambo makubwa: misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Tabora, ikateremka Ujiji na mizigo ya nguo na shanga, meli iliyoletwa kutoka Ujerumani vipande vipande, na reli ya kati, ambayo ilifika Kigoma tarehe 1 Februari 1914 na kuipa bandari yake maisha mapya. Habari hizo zina haki ya kuandikwa, na walioziandika wametenda wema. Walakini kuna kitu kidogo ambacho watu wa ufuko huu wamekishika kutwa, tangu babu mpaka wajukuu, na ambacho kimepata wino kidogo sana, nacho ni mpini: yaani mahali pale ambapo kiganja cha binadamu hukutana na chombo anachokiongoza, kiwe kafi la mtumbwi, kiwe kana ya usukani, kiwe kete ya bao, au kiwe padi ya gemu ambayo kijana wa Mwanga au Gungu, mjini Kigoma, huishika leo usiku mbele ya televisheni.

Naandika juu ya kitu hicho kwa sababu naamini kwamba raha ya mkono si anasa. Mpini mbaya humchosha mtu kabla kazi haijaisha, humtia malengelenge, humpotezea shabaha, na mwisho humfanya akichukie chombo chenyewe. Mpini mzuri husahaulika mkononi, hata mwenye kuushika akawa hafikiri tena habari ya mpini bali habari ya safari, ya samaki, au ya bao analotaka kulifunga. Tena hakimu wa jambo hili hawezi kuwa mwingine ila yule anayeshika. Mchongaji ana ujuzi wake, mfanyabiashara ana hesabu zake, na msafiri anayetazama kwa pembeni ana maoni yake, lakini neno la mwisho ni la kiganja. Na tarikhi ya ufuko wetu, mtu akiisoma kwa mwangaza huo, inatoa ushahidi mwingi kuliko unavyodhaniwa.

Shahidi mmoja wa mapema aliyeacha maandishi ni Mwingereza Richard Burton, aliyefika Ujiji pamoja na mwenzake John Speke mwezi wa Februari 1858, wote wawili wakiwa hoi kwa maradhi, na Speke macho yakiwa karibu kumpofuka. Miezi miwili baadaye walipanda mitumbwi kwenda kaskazini mpaka Uvira, kwa tamaa ya kuuona mto ambao walidhani hutoka ziwani na kuelekea mto Nili. Katika safari ile Burton alikaa siku nyingi kati ya mizigo, akiitazama mikono ya wapiga makafi, na aliyoyaona aliyaandika kwa uangalifu ambao lazima tumshukuru. Kafi la Tanganyika, kwa maelezo yake, lilikuwa mti mnene wa urefu wa futi 6 hivi, uliotolewa mwanya kwenye ncha ili upokee kibao chenye umbo la majani matatu, ukubwa wake sawa na kitanga cha mkono wa mtu; kibao kile kilipambwa kwa mapande meusi ya pembetatu, kikafungwa kwenye mti kwa kamba nyembamba, na ilikuwa nadra kumaliza kutwa pasipo kufunguka. Mpiga kafi aliweka mkono wa kushoto kwenye kichwa cha mti na wa kulia katikati, akayachota maji mbele yake, kisha akaliburura kafi ubavuni mwa mtumbwi ili litulie. Maji yaliruka ndani, mizigo ikalowa, na Burton akatoa hukumu kwamba kazi ile ilikuwa taabu kubwa na upotevu mtupu wa nguvu.

Hukumu hiyo naipokea nusu na nusu naikataa. Naipokea kwa kuwa hakuna anayeweza kubisha kwamba kupiga kafi kutwa nzima, jua likiwa utosini na mawimbi ya kusini yakiwa yameamka, ni kazi inayovunja mabega. Naikataa kwa kuwa mwenye kuhukumu hakuwa mwenye kushika. Mitumbwi ya zama zile ilichimbwa kila mmoja katika gogo moja, ilikuwa myembamba na mirefu, na ukingo wake ulikuwa karibu na maji. Basi mti wa kafi ulipoegemezwa ubavuni, ubavu ule ulibeba sehemu ya uzito ambao vinginevyo ungelikaa wote katika kifundo cha mkono. Na ile kamba nyembamba iliyomchekesha msafiri ilikuwa na hikima yake: kafi lililochongwa katika ubao mmoja likivunjika shingo limekwisha, nalo limekwisha katikati ya maji, ilhali kafi la vipande viwili hukatika kamba kwanza, na kamba hufungwa upya kwa dakika chache na mtu yule yule aliyelishika. Chombo ambacho mtumiaji wake aweza kukitengeneza papo hapo, bila ya kumwita fundi, ni chombo kilichofikiriwa na watu waliokuwa wakikitumia.

Kuna jambo jingine ambalo Burton alilinung'unikia, nalo ni mapumziko. Wapiga makafi walisimama mara kwa mara kuvuta tumbaku, kunywa maji, kuzungumza na watu wa mitumbwi mingine, na walipokuwa wakienda walikwenda kwa nyimbo na makelele ambayo masikio yake hayakuyapenda. Mimi nayaona hayo kuwa sehemu ya mpini. Wimbo ndio uliogawa pigo, ili kila mkono uingie majini wakati mmoja na mwingine, na mapumziko ndiyo yaliyouokoa mkono na malengelenge. Na kama msafiri aliona kwamba anacheleweshwa, wenye mikono walijua kwamba kesho ni siku, na kesho kutwa pia, na kwamba kiganja kilichochubuka leo hakina msaada kesho.

Watu wa pwani walikuwa wamekwisha kufika Ujiji kabla yake, tangu yapata mwaka 1840, na pamoja na miembe waliyoipanda na misikiti waliyoijenga walileta tanga. Mwaka 1874 Verney Lovett Cameron alikodi chombo cha Said bin Habib, akakipa jina la Betsy, akazunguka nacho upande wa kusini mpaka akaufikia Lukuga, mlango wa magharibi ambao maji ya ziwa hutokea. Tanga liliihamisha taabu kutoka begani ikaja kwenye vidole: mmoja alishika demani, yaani kamba ya tanga, mwingine alishika kana, na aliyeshika kana alisikia katika kiganja chake kila mabadiliko ya upepo na kila mkondo uliopita chini. Baharia Edward Hore wa misheni ya London, aliyefika Ujiji mwaka 1878 na kukaa ufukoni miaka mingi, aliyajua hayo vizuri, naye ndiye aliyesimamia kazi ya Good News, chombo cha mvuke kilichoshushwa majini mwaka 1885. Baadaye ilikuja ile meli kubwa iliyoundwa Papenburg mwaka 1913, ikafunguliwa, ikatiwa masandukuni, ikaletwa mpaka Kigoma kuungwa tena, ikateremshwa tarehe 5 Februari 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Wajerumani wenyewe wakaizamisha Julai 1916, Waingereza wakaiinua mwaka 1924, na tangu Mei 1927 tunaijua kwa jina la Liemba. Habari zake zinajulikana na kila mtoto wa Kigoma, kwa hiyo nitasema neno moja tu linalohusu mada yangu: kati ya kiganja cha nahodha na maji ya ziwa sasa palikuwa na mitambo. Mkono uliongoza, lakini haukusikia tena. Msomaji alishike neno hilo, maana litatufaa mbele.

Sasa nataka kukaa kidogo katika baraza, kwa sababu michezo nayo ina vyombo vyake vya mkono, na katika michezo yote ya ukanda huu hakuna ambao umechukua umbo la mkono kama bao. Bao la Kiswahili, kama msomaji ajuavyo, ni ubao wenye mashimo 32 katika safu nne za mashimo manane, na kete zake ni 64, ambazo aghalabu ni komwe, mbegu ngumu za rangi ya kijivu zilizo laini kama zilizopigwa msasa. Kila mchezaji huanza na kete kumi ubaoni, sita katika shimo liitwalo nyumba na mbili mbili katika mashimo mawili ya jirani, na 22 zilizobaki huziweka akiba za kunamua, yaani kuziingiza ubaoni moja moja, mpaka ziishe na mchezo uingie katika hatua ya mtaji. Wataalamu wa nchi za nje wamestaajabia hesabu zilizomo, na kweli ni za kustaajabisha. Alex de Voogt, Mholanzi aliyejifunza kwa mabingwa wa Zanzibar, aliandika kitabu kizima mwaka 1995 juu ya upeo wa akili unaodhihirika katika mchezo huu, na Mwalimu Julius Nyerere, ambaye hakuwa mtu wa kupoteza wakati kwa upuuzi, alilipenda bao maisha yake yote. Lakini mimi naomba macho yaondoke kwenye hesabu kwa kitambo, yatazame mkono.

Mtazame mzee aliyeketi mkekani, mguu mmoja ameukunja, ubao uko mbele yake kimo cha goti. Mkono wake unaingia shimoni si kwa ncha za vidole bali kwa vidole vyote vikiwa vimejikunja, unazikomba kete zote kwa mkupuo mmoja, na hapo hapo kidole gumba kinaanza kuzisukuma moja baada ya nyingine zidondoke katika mashimo yanayofuata, bila ya mkono kusita na bila ya jicho kushuka, kwa sababu jicho limekwisha tangulia mbele likitafuta mahali kete ya mwisho itakapoangukia. Hayo yasingewezekana kama shimo lingekuwa na kona kali chini, kwa maana kete ingejificha katika kona hiyo. Yasingewezekana kama shimo lingekuwa na kina kirefu, kwa maana vidole vingesugua. Wala yasingewezekana kama kete zingekuwa na makali. Umbo la shimo la bao ni umbo la vidole vilivyokunjwa. Hakuna mchoraji aliyekaa ofisini akalibuni. Limechongwa na vizazi vya watu waliocheza mchana kutwa, wakarudi kwa mchongaji na kumwambia kwamba ubao ule wa mwaka jana ulikuwa unaumiza kucha. Na mahali ambapo hapakuwa na ubao, watu walichimba mashimo ardhini wakacheza kwa mbegu au vijiwe, na mashimo yale ya udongo yalichukua umbo lile lile. Mtu wa pwani aliyelileta bao lake Ujiji hakukuta nchi ngeni kwa mchezo huo: Rwanda kulikuwa na igisoro, Uganda kulikuwa na omweso, na ng'ambo ya ziwa Waluba walikuwa na kisolo, yote ya ukoo mmoja, na katika yote mkono ulifanya kazi ile ile.

Baada ya bao la wazee laja gari la watoto, na hapa moyo wangu unakiri kwamba mapenzi yanaweza kunizidia, kwa sababu gari la waya nalihesabu kuwa miongoni mwa vyombo vyenye akili zaidi vilivyobuniwa na mikono midogo ya nchi hii. Mtoto huokota waya wa ua, mabati ya makopo, na kandambili zilizochakaa. Waya hukunjwa uwe bodi ya lori au basi, kandambili hukatwa miviringo ya magurudumu, na kutoka katika ekseli ya mbele huinuka mwanzi au waya mrefu, unaopita juu ya gari na kurudi nyuma mpaka kimo cha kiuno cha dereva, ambaye hutembea au hukimbia nyuma ya gari lake. Mwisho wa mwanzi ule kuna usukani wa mviringo. Akiuzungusha kulia, ekseli ya mbele hugeuka kulia. Akiuzungusha kushoto, gari hukata kona ya kushoto na kuliepuka shimo la barabara ya Ujiji kama dereva mzima. Tazama jinsi alivyoutengeneza usukani wenyewe: waya mtupu hukata viganja, basi ameuzungushia utepe wa mpira wa baiskeli, akaufunga vizuri, akaacha mafundo yawe upande wa chini ambapo vidole haviyagusi. Na urefu wa mwanzi ameupima kwa mwili wake mwenyewe, kwa kuwa mwanzi mfupi humfanya ainame na kuumia mgongo, na mrefu humpiga kifuani gari likigonga jiwe. Mtoto akirefuka, mwanzi nao hubadilishwa. Huyo ni mbunifu wa chombo cha kuongozea mchezo, na ni mtumiaji wake, na ni fundi wake, vyote kwa pamoja katika mtu mmoja wa miaka minane.

Katika zama ambazo watoto wa nchi yetu walikuwa wakizungusha waya, viwanda vya Marekani na Japani vilianza safari ya kuutafuta mpini ule ule, kwa mali nyingi na kwa makosa mengi. Mwaka 1972 ilitoka Odyssey, chombo cha kwanza cha gemu ya nyumbani, kilichotokana na kazi ya Ralph Baer, Myahudi mzaliwa wa Ujerumani aliyekimbilia Marekani kabla ya vita; kishikio chake kilikuwa kisanduku chenye vifundo vya kuzungusha, ambacho kilitulia zaidi mezani kuliko mkononi. Mwaka 1977 Atari walileta kijiti kilichosimama juu ya kibao, mfano wa mpini wa rubani wa ndege, na kitufe kimoja kwenye kona ya kushoto. Kwa hiyo mkono wa kushoto ulishika kibao na kubofya, mkono wa kulia ukazungusha kijiti, na mtu wa mashoto hakufikiriwa hata kidogo. Ndipo Gunpei Yokoi wa Nintendo, kampuni iliyoanzishwa Kyoto mwaka 1889 kwa kutengeneza karata, alipobuni mwaka 1982 kitufe cha umbo la msalaba ambacho kidole gumba kimoja huweza kukiongoza juu, chini, kulia na kushoto bila ya kuinuka. Kidole gumba, ambacho katika bao kilikuwa tayari ndicho kinachozisukuma kete, kikawa sasa mfalme wa gemu.

Lakini mfalme huyo alichoshwa. Mwaka 1990 jarida la tiba la New England lilichapisha barua ya daktari juu ya mwanamke wa miaka 35 aliyeumwa vibaya na kidole gumba baada ya kucheza Nintendo saa tano mfululizo. Na miaka michache baadaye lilitokea jambo ambalo wapiga makafi wa Ujiji wangelielewa pasipo kufafanuliwa: gemu moja ya Nintendo iliyoitwa Mario Party iliwataka wachezaji wazungushe kijiti kwa kasi, watoto wakaacha kidole wakatumia kitanga cha mkono, na vitanga vikachubuka na kutoka malengelenge, hata mwaka 2000 kampuni ile ikakubaliana na mwanasheria mkuu wa jimbo la New York kuwapa glavu watoto waliokuwa na gemu ile. Nalitazama tukio hilo kwa makini kwa sababu linaonyesha kasoro ya ufundi wa mbali: aliyebuni hakuwa na njia ya kusikia kiganja mpaka kiganja kikapelekwa mbele ya sheria. Kampuni ya Microsoft nayo mwaka 2001 ilileta padi kubwa mno ambayo mikono mingi haikuizunguka, na kwa soko la Japani ilibidi itengenezwe nyingine ndogo, ambayo baada ya muda mfupi ikachukua nafasi ya ile kubwa dunia nzima.

Padi iliyofika kwetu na kukaa ni ya PlayStation. Mchoraji wake, Teiyu Goto wa Sony, aliipa mwaka 1994 vishikio viwili vinavyoteremka kuingia katika viganja, ingawa wakubwa wengine wa kampuni walitaka kitu cha bapa kama cha washindani wao, na ni rais Norio Ohga aliyesimama upande wake. Mwaka 1997 ikaongezewa vijiti viwili vya kidole gumba na mtetemo. Hapa ndipo linaporudi lile neno la nahodha na mitambo. Mkono wa mcheza gemu uko mbali na kile unachokiongoza kuliko ulivyopata kuwa mkono wowote katika tarikhi: mpira anaoupiga haupo, nyasi hazipo, mchezaji anayekimbia ni mwanga juu ya kioo. Mtetemo ulikuwa jitihada ya kuurudishia mkono ule kile ambacho mshika kana alikuwa nacho bure, yaani habari kutoka upande wa pili. Na padi ya mwaka 2020, ambayo vitufe vyake vya nyuma hukaza na kulegea kufuatana na kinachotokea katika mchezo, imeendelea katika njia hiyo hiyo. Wenye viwanda hawakulitaja kafi, wala hapakuwa na sababu walitaje. Ila walikuwa wakilitafuta.

Kigoma ilizipokea padi hizo katika vibanda vya gemu, katika mji ambao kwa miaka mingi ulikuwa nje ya gridi ya taifa na kutegemea majenereta ya dizeli, ambapo umeme ukikatika mechi hukatika pia na ugomvi juu ya nani aliyekuwa akiongoza ukaanza. Katika vibanda hivyo padi huwa haina mmiliki mmoja. Hupita mikononi mwa makumi ya vijana kwa siku, benchi zima likingoja zamu, na kwa hiyo huchakaa kwa namna ambayo mchoraji wa Tokyo hakuitarajia. Kijiti cha kushoto, ambacho humkimbiza mchezaji wa mpira uwanjani, huvuliwa ngozi yake ya mpira kwanza, ikabaki plastiki tupu inayoteleza kwa jasho, na hapo dawa ya kijana wa ufukoni ni ile ile ya mwenye gari la waya: kipande cha mpira wa baiskeli, kikakatwa mviringo, kikavutwa juu ya kichwa cha kijiti kikabana. Nimeona padi iliyofanyiwa hivyo vijiti vyote viwili, na upande wa chini ikazungushiwa plasta pale palipopasuka, na wachezaji wakaigombania kuliko padi mpya iliyokuwa imelala kando, kwa hoja kwamba mpya inateleza. Hukumu hiyo sikuibishia. Ilitoka kwa viganja.

Dunia imeendelea kuzitumia padi kwa mambo ambayo waliozitengeneza hawakuyakusudia. Kulikuwa na mikeka ya kuchezea dansi kwa miguu, na Nintendo walitoa ngoma mbili za kupiga kwa viganja, mfano wa ngoma za bongo, badala ya padi. Vishikio vya Wii vya mwaka 2006, ambavyo huongozwa kwa kupunga mkono, vilichukuliwa na wauguzi wa viungo ili wagonjwa wa kiharusi wafanye mazoezi wakiwa katika furaha ya mchezo. Jeshi la majini la Marekani limeweka padi ya Xbox katika nyambizi kama ile iitwayo Colorado, iliyoingia kazini mwaka 2018, ili mabaharia vijana wauongoze kwayo mlingoti wa kutazamia juu ya maji, kwa kuwa mikono yao ilikuwa imeizoea tangu utotoni na ule mpini mzito wa kwanza uliwachosha. Sina mapenzi na silaha, bali hoja ile ni safi. Na matumizi yanayonivutia mimi, mtu wa ziwa, ni vile vyombo vidogo vya kamera visivyo na mtu, vinavyozamishwa kwa waya na kuongozwa kutoka juu kwa padi ya kawaida ya gemu. Tanganyika ina kina cha mita 1,470, la pili duniani kwa kina baada ya Baikal, na miambani mwake kuna samaki wa namna nyingi wasiopatikana mahali pengine popote. Kijana wa Katonga, hapa Kigoma, ambaye vidole vyake vimefundishwa na vibanda vya gemu, akipewa padi iliyounganishwa na chombo kama hicho, angekuwa na nusu ya ujuzi unaotakiwa kabla hajafundishwa neno moja la elimu ya samaki.

Lakini katika ubunifu wote mpya hakuna nilioupokea kwa furaha zaidi kuliko padi za walemavu. Mwaka 2018 Microsoft walitoa padi bapa yenye vitufe viwili vikubwa kama visahani, na nyuma yake safu ya matundu 19, kila tundu likisimama badala ya kitufe kimoja cha padi ya kawaida, ili mtu achomeke humo kitufe chochote kinachoufaa mwili wake, akibofye kwa kiwiko, kwa goti, kwa kidevu au kwa wayo. Sony nao walileta yao mwishoni mwa mwaka 2023. Hapo kiwanda kimekiri kwamba hakiwezi kuujua kila mkono, kikaiacha nusu ya kazi wazi kwa makusudi, ili imalizwe na mwenye kushika pamoja na watu wake.

Na nusu hiyo iko ndani ya uwezo wetu. Bei ya padi yenyewe, iliyotangazwa karibu dola 100 za Marekani, ni nzito kwa nyumba ya Kigoma, na hiyo labda itanunuliwa na shule au msikiti au kanisa kwa mchango. Lakini vitufe vya kuchomeka, ambavyo katika maduka ya nje huuzwa kwa fedha nyingi, havina siri yoyote. Tundu ni la ukubwa wa plagi ya spika ya masikioni, na linachodai ni nyaya mbili ziguse tu. Fundi redio wa soko la Mwanga huchukua vipande viwili vya bati la kopo, huunga waya mmoja kwa kila kipande, huweka kati yao sponji aliyoitoboa katikati, na kuvifunga vyote kati ya vibao viwili vyembamba. Mtoto akikandamiza, sponji hubonyea, mabati hugusana kupitia tundu, na mchezaji wake uwanjani hupiga mpira. Kwa mtoto mwenye mkono dhaifu sponji iwe nyembamba. Kwa yule ambaye mkono wake hutetemeka iwe nene, isije ikabonyea bila ya kukusudia. Na kwa anayebofya kwa kisigino kibao cha juu kipanuliwe, kivishwe mpira wa baiskeli, na kipigwe misumari miwili kwenye ubao mzito ili kisikimbie sakafuni wakati mechi imepamba moto.